Uongo wa Ardhi Unahitaji Umbali

Wasee, leo hakuna video. Hii ni ya kusoma, na ni ndefu kidogo, so weka chai kando yako kwanza.

Swali: ni nani walikuwa kati ya watu wa kwanza kuingizwa boksi kwa ardhi ya Kericho? Najua utakachojibu. Utasema ni babu zetu Wakipsigis, wazungu walikuja na karatasi wakachukua vilima vyote vya chai. Hapo tutofautiane kidogo. Babu zetu hawakukoniwa. Ili ukoniwe lazima ununue kitu. Wao walinyang'anywa, na kunyang'anywa ni hadithi ingine ambayo nitaifikia. Watu walionunua ndoto ya ardhi hapa kwetu halafu wakaamka na madeni walikuwa maafisa wa jeshi la Uingereza. Tena walemavu.

Kaa hapo nikueleze.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliisha 1918. Uingereza ilikuwa na wanajeshi kibao wamerudi nyumbani na hawana la kufanya. Huku nayo koloni ilikuwa inatafuta wazungu wa kujaza nyanda za juu, kwa sababu ile reli ya kutoka Mombasa, iliyofika ziwani 1901, ilikula pesa mingi na ilihitaji mizigo ili ijilipe. Ndipo 1919 ukaja mpango wa kuwapa wanajeshi ardhi. Mashamba zaidi ya 1,000 yaligawanywa kwa bahati nasibu. Kura moja ilifanyiwa Nairobi, ndani ya Theatre Royal. Jumba la maigizo, manze. Mimi sijawahi kusikia mahali panafaa zaidi kugawia mali ya watu ambao hawakualikwa.

Kericho tulipata kipande chetu cha mpango huo, na kilikuwa na jina refu: British East Africa Disabled Officers' Colony. Watu walikiita Beadoc. Kama eka 25,000 zilikatwa kutoka kwa ardhi ya Wakipsigis zikawekwa kando kwa ajili ya maafisa walioumia vitani. Wangeweka mtaji pamoja, walime pamoja kama ushirika, na zao lenyewe lingekuwa kitani, ule mmea unaotoa nyuzi za kushona nguo na maturubai.

Sasa fikiria wewe ni huyo afisa. Uko Uingereza, baridi, mguu mmoja uliuacha Ufaransa, pensheni ni kidogo. Unasikia kuna nchi yenye jua na mvua, udongo mwekundu, na bei ya kitani iko juu ajabu. Kila moja ya hizo ilikuwa kweli. Kericho mvua ipo, hakuna haja ya kudanganya. Udongo upo. Bei ya kitani ilikuwa juu kweli kweli.

Lakini bei ilikuwa juu kwa nini? Kwa sababu vita vilikuwa vimevuruga Urusi na Ubelgiji, na huko ndiko kitani kingi cha dunia kilikuwa kinatoka. Ilikuwa bei ya vita. Mtu yeyote wa biashara angeweza kukuambia kwamba bei ya vita haikai. Halafu kutoka Kericho mzigo ulikuwa lazima ubebwe kwa barabara mbaya hadi stesheni ya Lumbwa, hapo ambapo leo tunaita Kipkelion, ndio upande treni. Halafu kuna jambo la tatu, kubwa kuliko yote: hiyo ardhi ilikuwa na watu. Mtu akiisoma ramani akiwa London alikuwa anaona eka. Ng'ombe, maboma, na njia za kwenda mtoni hazikuwa kwenye ramani.

Mwisho wake ulikuja haraka. Kufikia 1921 bei ya kitani ilikuwa imeanguka vibaya. Na kama hiyo haitoshi, 1920 serikali ilipandisha thamani ya rupia, pesa iliyokuwa inatumika hapa, kutoka shilingi moja na peni nne za Uingereza hadi shilingi mbili. Kama ulikuwa na deni la rupia, deni lako lilipanda kwa nusu nzima ukiwa umelala, na mazao yako bado yanauzwa London kwa pauni. Beadoc ikafa. Wale maafisa, watu ambao tayari vita vilikuwa vimewachukulia viungo, wakapoteza na kile kidogo walichokuwa wameweka.

Sisemi hivi ndio uwaonee huruma kuliko waliofukuzwa. Hapana. Nasema kwa sababu hadithi ya Kericho huwa tunaisimulia kama mchezo wa timu mbili, waliochukua na waliochukuliwa. Katikati kulikuwa na mnunuzi ambaye hakuna aliyemwambia mambo yote. Na hakuna pia aliyehitaji kumdanganya. Walinyamaza tu penye ilifaa kusema.

Ardhi haikubaki bure. Katikati ya miaka ya 1920 ikaingia chai. Kampuni ya African Highlands, ya James Finlay wa Scotland, ilichukua sehemu kubwa ya ile iliyokuwa ya Beadoc, na Brooke Bond nayo ikaanza kupanda Kericho miaka hiyo hiyo. Mashina mengine unayoyaona ukipita na matatu yametoka enzi hizo.

Na hapa kunyang'anywa ndiko kuliendelea. 1934 serikali ya koloni ilitunga sheria maalum ya kuwaondoa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wetu, ukoo mzima. Watu kama 700 walipelekwa Gwassi, kando ya ziwa, mahali pa mbu na ndorobo. Walioishi wakaruhusiwa kurudi 1962, na walikuta pale walipozaliwa pana mistari ya chai.

Fuata sasa karatasi, kwa sababu hii ndiyo sehemu inanifurahisha kwa njia mbaya. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever 1984. Unilever ikauza biashara yake ya chai kwa CVC, kampuni ya uwekezaji, 2022. Mashamba ya Finlay yakaenda kwa Browns ya Sri Lanka 2023, na mwaka uliofuata Browns hao hao wakachukua na yale yaliyokuwa ya Unilever. Kila mara karatasi ilipobadilisha mkono ilikuwa inang'aa zaidi. Mawakili, wakaguzi, mikutano, sahihi. Na bado, 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa, na Agosti 2022 walalamishi wakapeleka kesi dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Miaka 100 na ushee, na shimo lililokuwa chini ya karatasi ya kwanza bado liko hapo chini.

Tofauti ni kwamba Browns walinunua wakijua. Mnunuzi mkubwa huambiwa kila kitu, kwa sababu ana pesa ya kulipa watu wa kuuliza. Mnunuzi mdogo huonyeshwa picha.

Kabla ya hizi karatasi, Kipsigis hawakuwa na soko la ardhi kama tunavyolijua. Kulikuwa na kokwet, ule mkutano wa majirani, na wazee wake ndio walijua nani analima wapi, mpaka uko mti gani, nani aligombana na nani juu ya kijito gani. Sitaki kukupakia asali hapa. Wazee nao hupendelea, na wanawake sauti yao haikuwa na uzito uleule. Lakini kuna uongo mmoja haungewezekana kwenye kokwet: kusema shamba halina maneno ilhali lina maneno. Ungesema mbele ya nani? Watu ishirini waliokaa kwenye nyasi walikuwa wanajua.

Ndio maana nasema uongo wa ardhi unahitaji umbali. Shamba lenyewe halisongi, na jirani wa shamba anajua kila kitu. So yeyote anayetaka kuficha lazima amtafute mnunuzi asiyemjua jirani. 1919 umbali ulikuwa bahari. Baadaye ukawa milima.

Baadaye ni Mau.

Hii najua wengine wenu inawauma, na naandika nikijua. Upande wa Narok, karibu na msitu wa Maasai Mau, kulikuwa na ranchi za pamoja zilizosajiliwa chini ya sheria ya 1968. Enakishomi, Sisiyian, Nkaroni, Enoosokon, Reiyo. Hizo ranchi zilikuwa halali. Zikafika wakati wa kugawanywa, na wakati wa kugawanywa mipaka ikatembea. Usiniulize mpaka unatembea aje, saveya anajua. Ranchi ikaingia ndani ya msitu, vipande vikakatwa, taito zikatoka, na vipande vikauzwa. Wengi walionunua walitoka huku kwetu, Kericho na Bomet.

Hesabu ya mnunuzi ilikuwa rahisi. Huku shamba la baba limegawanywa kwa ndugu mpaka kila mtu amebaki na kaukanda kamoja ka chai. Ukiuza hako, kule unapata eka kadhaa za ardhi ambayo haijachoka. Na haukuwa unanunua kwa maneno matupu, ulipewa hati yenye ngao ya serikali. Mkulima wa Sigowet atajuaje mpaka wa ranchi ya Narok ulikuwa wapi kabla ya saveya kufika? Wazee wa Kimaasai wa pale walijua. Walinzi wa msitu walijua. Lakini kijana wa kuuza hakumpeleka mnunuzi kwa hao. Alimpeleka shambani, akamwonyesha udongo, akamrudisha.

2005 watu wakafurushwa. Ikaundwa kamati, ripoti ikatoka 2009, ikaeleza vile mipaka ilivyosukumwa. Julai 2018 tena, nyumba zikachomwa. 2019 tena, serikali ikasema hizo taito hazitambuliki. Maelfu ya familia. Watoto waliacha shule katikati ya muhula. Msitu nao una haki yake, mimi sibishani na hilo, kwa sababu mto Sondu na mito mingine tunayoitegemea hutoka huko juu, na mvua ya chai yetu pia. Ila angalia nani alilipa. Aliyesukuma mpaka hakulala nje. Aliyeuza hakulala nje. Aliyelala nje ni yule aliyeuza kaukanda ka chai ka baba yake.

Nyuma ya kwetu hapa Kiptere kuna familia iliyorudi 2018. Wanaishi kwa sehemu ya shamba la shemeji. Baba yao bado ana ile taito, ameifunga ndani ya nailoni, iko juu ya kabati. Siku moja alinionyesha. Ni safi kuliko cheti changu cha kuzaliwa.

Kuna mtu atasema, lakini wauzaji wengine hawakujua pia, walinunua kwa mtu wakauzia mtu. Ni kweli, na ndio sababu nataka tufike kortini.

Aprili 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa hata nasoma sheria, lakini hii kesi niliisoma, na kila mtu anayefikiria kununua ploti aitafute. Kulikuwa na ardhi Nyali, kando ya bahari. 1989 ilipewa Daniel arap Moi, rais wa wakati huo. Ikauzwa kwa kampuni nyingine, halafu kampuni hiyo ikauzia Dina. 2017 kaunti ikaenda ikabomoa ukuta, ikisema hapo ni njia ya umma ya kwenda ufuoni. Dina wakasema: sisi tulinunua kwa nia njema, tulilipa, taito hii hapa. Mahakama ikarudi nyuma mpaka mwanzo kabisa, ikaangalia vile ile ardhi ilitolewa mara ya kwanza, ikakuta haikufuata utaratibu. Na kama mwanzo ulikuwa mbaya, taito ya mwisho haiwezi kujificha nyuma ya nia njema.

Soma hiyo sentensi tena. Mnunuzi wa tatu, hana makosa, na bado anapoteza.

Sheria ya usajili wa ardhi ya 2012 ilikuwa tayari imesema taito inaweza kupingwa kama ilipatikana kwa njia haramu, bila kufuata utaratibu, au kwa ufisadi. Kesi ya Dina iliweka mlingoti juu yake. Maana yake kwa Kiswahili cha stejini ni kwamba taito si mwisho wa maswali. Na maana yake kwa muuzaji ni nzito zaidi: ukiniuzia kitu chenye mwanzo mbovu na ukanyamaza, umenipa bomu, na bomu hilo linaweza kulipuka mikononi mwa mtoto wangu.

Watu wa ploti wana jibu lao la kale, kwamba ni kazi ya mnunuzi kujichunga. Hii tulirithi kwa Waingereza pamoja na wigi za majaji. Lakini hata hao Waingereza hawakusema hivyo kuhusu kila kitu. Kuhusu hali ya shamba, kama ni la mawe au linatuama maji, mnunuzi afungue macho. Kuhusu kasoro iliyojificha ndani ya umiliki wenyewe, muuzaji ndiye alipaswa kusema. Sisi tumeshika nusu ya kwanza tukasahau ya pili, kwa sababu ya kwanza ndiyo ina faida.

Na umbali wa leo? Umbali wa leo ni simu yako.

Hapa ndipo mambo yananihusu mimi na wenzangu wa kutengeneza video. Broka ananitumia klipu: droni juu ya chai, muziki wa pole pole, maneno makubwa ya manjano. Hatua chache kutoka lami. Maji, stima, taito tayari. Anataka niiweke kwa ukurasa wangu na anilipe. Anayeitazama yuko Nairobi, au yuko Doha analinda geti usiku, au Minnesota anaosha wazee. Anatuma pesa kwa sababu ameona sura ya kijana wa nyumbani na anaamini. Yule broka hahitaji mimi kwa sababu ya kamera. Anahitaji mimi nikae mahali ambapo jirani angekaa.

Jamaa mmoja alinifuata hivyo mwaka jana, na ploti za 50 kwa 100 upande wa barabara ya kwenda Sondu. Nikamwambia sawa, nionyeshe green card ya pale afisi ya ardhi Kericho. Kama hujui, hiyo ni rekodi yenyewe ya shamba, na ina sehemu tatu: shamba ni lipi na kubwa kiasi gani, mwenyewe ni nani na kabla yake alikuwa nani, halafu mizigo, yaani kama benki imeshika au kuna mtu ameweka zuio. Taito inakuonyesha mtu wa leo. Green card inakuonyesha msafara.

"Bro, hiyo ni mambo ya mawakili. Ploti ni safi."

"Safi aje na hujaangalia?"

Akanitumia emoji ya kucheka. Ploti ikapata mtengeneza video mwingine.

Sijui kama ile ploti ilikuwa na shida. Labda haina. Lakini mtu akikuambia ni safi na hajaangalia, huo tayari ni uongo hata kama baadaye inatokea ni safi kweli. Kuna jibu la ukweli ambalo halina gharama yoyote, nalo ni "sijui, twende tuulize." Wauzaji wanaliogopa kama ugonjwa.

Huku kwetu vitu vinavyofichwa si vya ajabu, ndio maana vinafichika vizuri. Kubwa kuliko yote ni jina. Shamba linauzwa na mtu wa miaka thelathini, na taito ina jina la babu aliyefariki zamani. Unaambiwa "taito iko njiani." Sheria ya urithi haimruhusu mtu kuuza shamba la marehemu kabla korti haijathibitisha warithi, na warithi wenyewe ni pamoja na mashangazi walioolewa Bomet na Nandi Hills ambao hakuna mtu amewapigia simu. Watapiga wao, siku ukishajenga. Halafu kuna bodi ya ardhi. Shamba la kilimo likiuzwa bila idhini ya ile bodi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita, makubaliano yenu ni karatasi ya kufungia mandazi. Bibi wa muuzaji pia lazima akubali kama hapo ndipo boma lao lilipo, na usikubali kuambiwa "mama hana shida." Muulize mama mwenyewe, kwa heshima, akiwa peke yake kama inawezekana. Njia ya kuingia nayo, kuna ploti nyingi ambazo njia yake ni ukarimu wa jirani, na ukarimu unaisha mzee akifa. Kwa shamba la chai, uliza deni la mbolea kiwandani, kwa sababu majani yatakuwa yako lakini makato yanaweza kukufuata.

Broka hujibu kwamba ukisema haya yote bei inashuka. Inashuka, ndiyo, wacha tusidanganyane. Shamba lenye kasoro lina bei yake, na hiyo bei ya chini ndiyo bei ya kweli. Ile ya juu ilikuwa inajumuisha kitu ambacho mnunuzi hajaambiwa analipia. Kuna wengine wenu mnasoma hii na nyinyi ndio mabroka, nawajua, mmemaliza shule na hakuna kazi na asilimia ya ploti moja inalipa nyumba miezi kadhaa. Sitawahubiria njaa. Ila mnajua vile Kiptere ni ndogo. Mnunuzi yuko Doha leo, lakini Krismasi atashuka stejini, na wewe utakuwa hapo hapo.

Mwezi wa pili mwaka huu nilifanya video moja ya shamba, ya kwanza. Mzee wa huku, jina sitaji, alitaka kuuza nusu eka alipie matibabu. Nilimwambia, "Mzee, nitapiga picha, lakini nitasema na mabaya." Akacheka, akasema hata yeye mabaya ndiyo anayajua zaidi. Tukapiga. Kwenye video anasema mwenyewe, kwa Kiswahili na Kipsigis: taito bado ni ya marehemu baba yake, kesi ya urithi iko kortini Kericho, dada zake watatu wamekubali na mmoja bado. Upande wa chini kunatuama maji mwezi wa nne na wa tano. Njia ya gari ipo, lakini inapita kwa jirani, na jirani akasimama pale kwa kamera akasema masharti yake. Alikuwa na masharti mengi, nilikata dakika sita.

Ile video haikuvuma. Watu wachache, maoni machache, mmoja akauliza kama tunauza shamba ama tunafukuza wateja. Lakini simu zilizopigwa zilikuwa za watu wenye maswali ya maana. Mama mmoja anayefanya kazi ya uuguzi ng'ambo alimtuma kaka yake. Kaka alikuja mara mbili, mara ya pili siku ya mvua, akakaa na yule jirani tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi. Wakashusha bei kwa sababu ya maji. Mzee hakufurahia, akakubali.

Waliandikiana kwa wakili kwamba pesa ikae kwake mpaka korti ithibitishe warithi na bodi itoe idhini. Sehemu ndogo ilitolewa mapema kwa ajili ya hospitali, na dada zake wakatia sahihi. Yule wa nne alisema ataweka sahihi akija mwenyewe kuona mpaka. Anakuja Jumamosi, na kaka ya mnunuzi amesema atakuwepo pia.